Johann Ludwig Krapf: Miswada Iliyotoka Rabai

Utangulizi

Katika historia ya fasihi ya Kiswahili, swali la nani alitunga limepewa nafasi kubwa kuliko swali la nani alipeleka. Hali hii inaeleweka, kwani mtunzi ndiye mwenye kazi. Hata hivyo, utungo ambao haukutoka mikononi mwa mwenyewe na kufika mezani pa mhariri hubaki siri ya sanduku, na sanduku la pwani lina maadui wengi: mchwa, unyevu, moto na warithi wasiojua thamani ya karatasi. Kabla ya kuwapo kwa jarida lolote la Kiswahili katika Afrika Mashariki, miswada ya lugha hii ilikwisha kuvuka bahari na kupokelewa na wahariri wa nchi za mbali. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ya mwanzo inahusishwa na mtu mmoja aliyeishi katika kilima cha Rabai, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi. Mtu huyo ni Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1881.

Krapf anajulikana sana na wanafunzi wa historia kama mzungu wa kwanza kuripoti habari za Mlima Kenya. Wanafunzi wa isimu wanamjua kwa sarufi na kamusi yake. Kinachosahauliwa mara nyingi ni subira ya mtu huyu katika kupeleka maandishi na kungoja, na pia deni alilokuwa nalo kwa watu wa pwani ambao majina yao hayakuandikwa juu ya majalada.

Kuzaliwa na Elimu

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Akiwa mvulana wa miaka kumi na mmoja alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa muda wa miezi sita hivi. Kitandani humo hakuwa na la kufanya isipokuwa kusoma, na kusoma huko ndiko kulikomwonyesha yeye na jamaa zake kwamba jembe halikuwa fungu lake. Alipopona alipelekwa katika shule ya Kilatini mjini Tübingen, akaanza kujifunza lugha za kale.

Mwaka 1827 alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi. Baadaye alikiacha kwa muda, akasomea theolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen na kuhitimu mwaka 1834. Ari ya umisionari ilipomrudia, aliingia katika utumishi wa Church Missionary Society, jumuiya ya Kanisa la Uingereza iliyokuwa na upungufu wa watu na iliyowachukua Wajerumani wengi wa aina yake. Mwaka 1837 alifunga safari ya Uhabeshi.

Uhabeshi ulimfunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba mgeni asiyejua lugha ya wenyeji ni bubu hata akihubiri mchana kutwa. Alijifunza Kiamhari na Kigeezi, akakaa katika ufalme wa Shoa kuanzia mwaka 1839. La pili ni thamani ya mswada. Huko alikuta vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, akavikusanya na kuvipeleka Ulaya, baadhi vikahifadhiwa Tübingen, na kazi yake juu ya lugha za nchi hiyo ikampatia shahada ya heshima ya udaktari. Mambo ya siasa yalimfungia mlango wa Shoa mwaka 1842. Katika mwaka huohuo alimwoa Rosine Dietrich mjini Alexandria, Misri. Mwishoni mwa mwaka uliofuata wawili hao walikuwa safarini kuelekea kusini, katika pwani ambayo Krapf hakuwa na neno lake hata moja kinywani.

Kuwasili Mombasa na Msiba wa Mwaka 1844

Krapf alifika Unguja mwezi Januari 1844. Sayyid Said bin Sultan alimpokea na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa mwambao. Krapf akachagua Mombasa. Mji huo ulikuwa umetekwa na Sayyid Said mwaka 1837, na ukoo wa Mazrui uliokuwa ukiutawala ulikuwa umegawanyika, baadhi wakahamia Takaungu, kaskazini karibu na Kilifi, na wengine Gazi, upande wa kusini. Muyaka bin Haji, malenga aliyezipa vita na fitina za Mvita sauti ya kishairi, alikuwa amefariki takriban mwaka 1840. Kwa hiyo Krapf aliingia katika mji ambao ushairi wake ulikuwa bado moto katika vinywa vya watu, ijapokuwa mtungaji wake mkuu alikuwa amekwisha kuzikwa.

Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Hakuifanya kazi hiyo peke yake. Alisaidiwa na mwanachuoni wa Kiislamu mwenye asili ya Barawa, Sheikh Ali bin Muhiddin. Jambo hili linastahili kuzingatiwa. Mmisionari aliyekuja kwa nia ya kuwageuza Waislamu na wasiokuwa Waislamu wawe Wakristo alikaa chini mbele ya mwanachuoni Mwislamu ili afundishwe namna ya kusema. Sheikh naye, ambaye habari za kuumbwa kwa ulimwengu, za Adamu na za bustani zilikuwa zake pia kwa mujibu wa imani yake, hakukataa kumpa maneno.

Haukupita muda mrefu. Mwezi Julai 1844 homa iliingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike huku akiugua, akafariki siku chache baada ya kujifungua, na mtoto naye akafuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo. Marehemu walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kaburi hilo lingaliko hadi leo katika eneo la Nyali. Mtu mwingine angeweza kupanda jahazi la kwanza na kurudi kwao, na hapana ambaye angemlaumu. Krapf alirudi kwenye karatasi zake. Katika miezi iliyofuata aliendelea kukusanya maneno, kuuliza maana, kusahihisha na kunakili.

Sura Tatu Zilizovuka Bahari

Kazi ya kufasiri bila ya kuchapisha ni sawa na kupika bila ya kupakua. Afrika Mashariki ya miaka ya 1840 haikuwa na kiwanda cha kupiga chapa vitabu vya Kiswahili. Maandishi ya Kiswahili yalikuwapo, tena yalikuwapo kwa karne kadhaa, lakini yaliandikwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu na kuenea kwa kunakiliwa. Mwenye kutaka nakala ya utenzi alimlipa au alimwomba mwandishi mwenye mkono mzuri amwandikie. Njia hii iliitunza fasihi vyema miongoni mwa wenyewe, ila haikuweza kuifikisha kwa mtu aliyekuwa Boston au Berlin.

Bandari ya Unguja wakati huo ilikuwa ikitembelewa mara kwa mara na merikebu za Wamarekani, hasa kutoka mji wa Salem, waliokuja kununua pembe za ndovu na sandarusi na kuuza kitambaa kilichokuja kuitwa merikani. Marekani ilikuwa na balozi mdogo Unguja tangu mwaka 1837. Si ajabu basi kwamba maandishi ya Krapf yalipata jukwaa Marekani mapema. American Oriental Society, chama cha wanazuoni kilichoundwa Boston mwaka 1842, kilikuwa kimeanzisha jarida lake. Katika juzuu ya kwanza ya jarida hilo, mwaka 1847, zilichapishwa sura tatu za kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili kwa tafsiri ya Krapf, zikitanguliwa na utangulizi wa W. W. Greenough.

Kitabu cha Mwanzo kina sura hamsini, na zilizochapishwa ni tatu tu. Uwiano huo unatoa picha ya maisha yote ya Krapf kama mwandishi: alichoandika kilikuwa kingi, kilichochapishwa kilikuwa kidogo, na kilichochapishwa kilichukua muda mrefu kufika. Hata hivyo kurasa hizo chache zina uzito wake. Ni miongoni mwa matini za mwanzo kabisa za Kiswahili chenye mtiririko, si orodha ya maneno tu, kuonekana katika jarida la kitaaluma. Msomaji wa Boston ambaye hakuwahi kusikia jina la Mvita aliweza kuiona sentensi ya Kiswahili ikisimama kwa miguu yake, ikiwa na ngeli zake na viambishi vyake. Jina la Sheikh Ali bin Muhiddin, aliyekuwa mwalimu wa tafsiri hiyo, halikupewa nafasi katika kichwa cha makala.

Rabai Mpya

Mwaka 1846 alifika Johannes Rebmann, Mjerumani mwenziwe kutoka Württemberg. Wawili hao waliwaendea wazee wa Rabai, wakaomba ruhusa ya kuishi kati yao. Wazee walikubali, na mwezi Agosti mwaka huohuo kituo cha Rabai Mpya kikafunguliwa. Inasimuliwa kwamba wote wawili walikuwa na homa siku walizohamia, kiasi cha kushindwa kutembea vyema katika njia ya kupanda kilima.

Rabai haikuwa nchi tupu. Ilikuwa nchi ya Warabai, mojawapo ya jamii tisa za Mijikenda, wenye kaya zao takatifu ndani ya msitu, ambazo mwaka 2008 ziliingizwa pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Watu wa pwani waliwaita wakazi hao Wanyika, jina ambalo wenyewe hawalipendi, na Krapf akalichukua kama alivyolisikia. Ndiyo maana katika vitabu vyake lugha ya Kirabai na ndugu zake inaitwa Kinika.

Kwa upande wa kuvuna waumini, Rabai ilikuwa shamba gumu. Miaka ilipita kabla ya mtu wa kwanza kubatizwa, naye alikuwa Mringe, mtu mlemavu aliyekuwa karibu kufa. Kwa upande wa lugha, hata hivyo, kilima hicho kilikuwa ghala. Krapf aliandika Kiswahili cha Kimvita kwa mkono mmoja na Kirabai kwa mkono wa pili. Mwaka 1848 tafsiri ya Injili ya Luka katika lugha hiyo aliyoiita Kinika ilipigwa chapa Bombay, Bara Hindi, pamoja na kitabu cha kufundishia kusoma. Bombay ndiyo iliyokuwa karibu: mswada ulisafiri kwa upepo wa kusi, na kitabu kikarudi kwa upepo wa kaskazi. Mwandishi wa Rabai aliyekosea herufi moja aliweza kulijua kosa lake baada ya mwaka mzima.

Mwaka 1850 Krapf alikwenda Ulaya kwa mara ya kwanza tangu alipofika pwani. Huko Tübingen alichapisha sarufi fupi ya lugha aliyoiandika Kisuaheli, iliyolinganisha pia Kinika, na msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki: Kiswahili, Kinika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kigalla. Sarufi hiyo ndiyo ya kwanza ya Kiswahili kuchapishwa. Mwaka 1854 ulifuata mjini humohumo utangulizi mwingine wa aina yake, kijitabu cha Kiswahili cha sala za asubuhi na jioni.

Krapf alichagua kuandika kwa herufi za Kirumi. Sababu zake zilikuwa mbili, na ni haki kuzitaja zote. Ya kwanza ilikuwa ya kitaalamu: aliona hati za Kiarabu, kama zilivyotumika wakati huo, hazionyeshi barabara irabu na baadhi ya konsonanti za Kiswahili. Ya pili ilikuwa ya kidini: hakutaka maandishi ya lugha za bara yawe daraja la kupitishia Uislamu. Uamuzi huo haukuwa wake peke yake, na haukukamilika katika uhai wake, lakini taathira yake imekuwa kubwa. Vizazi vilivyofuata vilijifunza kusoma kwa herufi za Krapf na kusahau kwamba mababu walikuwa na maktaba yao kwa hati nyingine.

Habari Zilizokanushwa

Upo upande mwingine wa kupeleka maandishi ambao kila mwandishi anaufahamu, nao ni kutosadikiwa. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann, akiwa safarini Uchagani, aliuona Mlima Kilimanjaro na theluji yake. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui katika nchi ya Wakamba kwa mwenyeji wake Kivoi, aliona vilele vya mlima aliouandika Kenia, jina lililokuja kuwa la nchi nzima. Habari za Kilimanjaro zilipelekwa London, zikachapishwa mwaka 1849 katika Church Missionary Intelligencer, jarida la jumuiya yao lililokuwa ndiyo kwanza limeanza.

Wanajiografia wa mezani hawakuridhika. William Desborough Cooley, aliyekuwa mtaalamu wa Afrika bila ya kukanyaga Afrika Mashariki, alipinga kwa nguvu kwamba theluji inaweza kudumu karibu na ikweta. Mwaka 1852 alitoa kitabu kizima cha kuieleza Afrika ya ndani kwa namna aliyoiona yeye. Watu wa Rabai walikuwa na macho yao na maneno ya Wachaga na Wakamba waliozaliwa chini ya milima hiyo. Cooley alikuwa na vitabu. Ilichukua miaka zaidi ya kumi, hadi safari za Karl Klaus von der Decken za mwanzoni mwa miaka ya 1860, kabla ya ubishi juu ya Kilimanjaro kufifia.

Wakati huo Krapf alikwisha kupambana na mambo makubwa kuliko kalamu ya Cooley. Mwaka 1851 alirudi Ukambani, akafuatana na Kivoi kuelekea Mto Tana. Msafara ulishambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akapotea porini peke yake. Alibeba maji katika mkoba wa darubini na katika mitutu ya bunduki, akala alichokiokota, akarudi Rabai akiwa nusu mfu. Mwaka 1852 alikwenda tena Usambara kwa mfalme Kimweri. Mwaka 1853 mwili ulikataa, akaondoka pwani.

Tenzi katika Maktaba ya Halle

Miongoni mwa vitu alivyoondoka navyo vilikuwamo miswada ya tenzi za Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Mwaka 1854 miswada hiyo ilikabidhiwa Deutsche Morgenländische Gesellschaft, jumuiya ya Wajerumani ya taaluma za mashariki, ambayo maktaba yake iko katika mji wa Halle. Humo ulikuwamo utenzi wa vita vya Mtume na Herekali, mfalme wa Rumi, unaojulikana pia kama Chuo cha Tambuka. Utenzi huu ulitungwa Pate na Bwana Mwengo wa Athumani, na mswada wake wa kale kabisa unaojulikana una tarehe ya mwaka 1728. Ulikuwamo pia utenzi wa Shufaka.

Hapa ndipo kisa cha Krapf kinapogusa moja kwa moja fasihi bunilizi. Mmisionari huyu hakuwa mpenzi wa dini iliyozizaa tenzi hizo, na maandishi yake yanaonyesha dharau ya zama zake kwa mengi ya pwani. Hata hivyo alitambua kwamba alichokuwa nacho mkononi ni sanaa ya lugha yenye kanuni zake za vina na mizani, na kwamba ilistahili kupelekwa mahali pa kuhifadhiwa. Tenzi zilikaa kabatini miaka zaidi ya thelathini. Carl Büttner, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alizitoa baadhi na kuzichapisha katika Zeitschrift für afrikanische Sprachen kuanzia mwaka 1887. Carl Meinhof aliuchapisha utenzi wa Herekali mwaka 1911 katika jarida jingine la lugha la Kijerumani. Mwaka 1958 Jan Knappert akautolea toleo la kitaaluma nchini Uholanzi.

Faida na hasara za safari hiyo zinapaswa kuwekwa kwenye mizani moja. Faida ni kwamba maandishi yalinusurika. Nakala nyingi zilizobaki pwani ziliangamia, na mtafiti wa leo anayetaka kulinganisha matoleo hana budi kushukuru kwamba moja lilifika Halle. Hasara ni kwamba utungo uliotungwa ili uimbwe barazani Pate na Mvita ulisomwa kwanza, katika umbo la chapa, na watu wasioweza kuuimba. Mhariri alikuwa Mjerumani, maelezo yalikuwa ya Kijerumani, na wajukuu wa wasomaji wa awali hawakuwa na njia ya kulipata jarida hilo. Tena waliotoa nakala hizo kwa Krapf, pengine kwa kuuza, pengine kwa hisani, wametoweka bila ya jina.

Kornthal na Kamusi Iliyongoja

Krapf aliweka makao Kornthal, kijiji cha wacha Mungu karibu na Stuttgart. Mwaka 1858 alitoa kwa Kijerumani kitabu cha safari zake, na mwaka 1860 toleo lake la Kiingereza likachapishwa London. Mwaka 1862 alikuwa pwani tena, akiwasaidia Wamethodisti wa Uingereza kuanzisha kituo cha Ribe, si mbali na Rabai, ambako Thomas Wakefield alikuja kufanya kazi kwa miaka mingi. Mwishoni mwa mwaka 1867 aliajiriwa kuwa mkalimani wa jeshi la Waingereza lililokwenda kupigana na Mfalme Tewodros wa Uhabeshi, lakini maradhi yalimrudisha.

Rebmann hakuwa ameondoka. Alikaa Rabai hadi mwaka 1875, miaka ishirini na tisa tangu alipofika, macho yake yakapofuka. Huko alikuwa ameandika kamusi ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa akifundishwa na Salimini, mtu aliyeletwa pwani kama mtumwa. Rebmann alifika Kornthal kipofu na kufariki mwaka 1876. Krapf, mzee wa miaka sitini na kitu, aliichukua miswada ya rafiki yake, akaipanga, na mwaka 1877 kamusi hiyo ikachapishwa. Hivyo mpelekaji wa maandishi alikuwa mhariri, na kazi aliyohariri ilikuwa ya mtu asiyeweza tena kuisoma.

Mswada wake mwenyewe mkubwa ulikuwa bado haujachapishwa. Kamusi ya Kiswahili, aliyoianza katika miezi ileile ya msiba wa mwaka 1844, ilikuwa imekua miaka hadi miaka. Edward Steere alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiunguja mwaka 1870, na upepo ulikuwa umeanza kuvuma upande wa Unguja. Krapf aliendelea na Kimvita chake. Hatimaye mchapishaji Trübner wa London aliikubali kazi hiyo. Tarehe 26 Novemba 1881 Krapf alikutwa amefariki, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ilitoka mwaka 1882. Mwenyewe hakuishika ikiwa kitabu.

Kamusi hiyo haina unadhifu wa kamusi za baadaye. Tahajia yake inayumba, maelezo mengine ni marefu kama hadithi, na mpangilio unamchosha msomaji. Lakini ndani yake mna methali, desturi, majina ya samaki, sehemu za chombo na semi za Mvita za katikati ya karne ya kumi na tisa ambazo hazipatikani kwingineko. A. C. Madan aliitumia katika kuandaa kamusi yake ya mwaka 1903. Mwaka 1925 H. K. Binns aliipitia na kuipanga upya ili itumike kwa urahisi zaidi. Kamusi ya Kinika, kazi ya Krapf na Rebmann kwa pamoja, ilihaririwa na T. H. Sparshott na kutolewa mwaka 1887. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, kamusi ya Krapf ilibaki kuwa shahidi wa lahaja iliyoshindwa katika kura lakini haikushindwa katika ushairi.

Tathmini

Maisha ya Krapf hayana budi kusomwa kwa macho mawili. Alikuwa mmisionari wa enzi yake, mwenye yakini kwamba nuru iko upande wake na giza upande wa wengine. Alikuja kabla ya ukoloni, lakini ramani na habari zake zilikuja kutumiwa na wakoloni. Haya hayafutwi na kamusi. Wakati huohuo alikuwa mtu aliyekaa chini akajifunza, aliyeandika alichoambiwa kabla ya kukisahau, na aliyepeleka alichoandika bila ya kujua kama kitafika, kama kitakubaliwa au kama atakuwa hai siku kitakapotoka.

Katika miongo iliyofuata kifo chake, njia ya mswada wa Kiswahili ilifupika. Mwaka 1888 wanafunzi wa Kiungani, Unguja, walianza kuandika katika Msimulizi. Mwaka 1923 lilianzishwa Mambo Leo mjini Dar es Salaam, na washairi wa Tanga, Mombasa, Malindi na bara wakaanza kupeleka tungo zao wenyewe, kwa majina yao wenyewe, na kujibizana katika kurasa zake. Badiliko hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Katika wakati wa Krapf, Mswahili alikuwa mtoa maneno na mgeni alikuwa mpelekaji. Katika wakati wa Mambo Leo, mtunzi alitia wino, akafunga bahasha na kubandika stempu mwenyewe.

Kanisa la kale la Rabai limegeuzwa kuwa makumbusho, na wanafunzi wa shule za Kilifi na Mombasa hupelekwa huko kutazama masalio ya wamisionari. Sehemu kubwa ya miswada, hata hivyo, haiko Rabai. Baadhi iko Halle, mingine iko katika maktaba nyingine za Ulaya, na wapo wazee wa Rabai, Takaungu na Malindi ambao wangali na masanduku yao wenyewe yenye karatasi za hati za Kiarabu ambazo hazijanakiliwa wala kupigwa picha. Sheikh Ali bin Muhiddin angeweza kuzisoma bila ya taabu. Wanafunzi wa Kiswahili wanaoweza kuzisoma leo ni wachache, na kila msimu wa mvua unaopita unapunguza zinazosomeka.